Kambare, tohara na mjane: je, Torati inamfunga Mkristo?

Barua mlizoniandikia mara hii, kuanzia Kibirizi hadi Kasulu, mkoani Kigoma, zote zinagusa Torati, yaani Sheria ya Musa.

Nauza samaki mwaloni Kibirizi. Mkwe wangu ni Msabato, anasema kambare ni najisi. Je, natenda dhambi kumuuza?

Hapana, mama. Mkwe wako hajabuni kitu: Walawi 11 inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na kambare hata ukimparua kwa kisu hupati gamba. Ila Marko 7:19 inasema Yesu alivitakasa vyakula vyote, nami nasimama hapo. Wasabato nao wana hoja yao, kwamba Nuhu alitenganisha wanyama safi na wasio safi kabla Musa hajazaliwa (Mwanzo 7:2). Paulo, katika Warumi 14, anamkataza anayekula kumdharau asiyekula, na asiyekula kumhukumu anayekula. Akija kukutembelea, mpikie mgebuka, samaki mwenye magamba.

Mhubiri mmoja anafundisha kwamba mwanamume asiyetahiriwa hajakamilika mbele za Mungu. Ni kweli?

Si kweli. Mitume walilikalia kikao suala hili Yerusalemu, mnamo mwaka 49 hivi, wakakataa kuwatwika mzigo huo waamini wasio Wayahudi (Matendo 15). Ukitahiriwa hospitalini kwa ajili ya afya, hilo ni la daktari na wewe.

Kaka yetu amefariki, ameacha mke na watoto watatu. Ukoo unataka nimrithi shemeji, wanasema hata Biblia imeagiza. Yeye hataki.

Hapa nakuomba usome polepole, mwanangu. Andiko wanalolitaja ni Kumbukumbu la Torati 25:5-10. Linahusu ndugu wanaokaa pamoja, mmoja akafa bila mwana. Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo alihesabiwa wa marehemu, ili jina lake lisifutike katika Israeli. Kaka yenu ana watoto watatu, jina lake halijafutika!

Angalieni pia aliyepewa nguvu ya kushtaki. Ndugu wa marehemu akikataa kumwoa, mjane anakwenda kwa wazee langoni, anamvua kiatu mbele yao na kumtemea mate usoni. Sheria ile ilimkinga mwanamke asiye na mtu. Ukoo unaoitumia kumlazimisha mjane, huku macho yakiwa kwenye shamba na nyumba, umeigeuza juu chini. Na kwa Mkristo neno liko wazi: mumewe akifa, mwanamke yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu (1 Wakorintho 7:39). Akitaka kukaa bila kuolewa, akae. Wewe simama naye kwenye kikao cha ukoo, ulisome andiko lote kwa sauti, kisha watoto walipiwe mahitaji ya shule.

Kama Torati haitufungi, mbona inasomwa kanisani?

Kwa sababu Yesu alisema hakuja kuitangua bali kuitimiliza (Mathayo 5:17). Dhabihu zimekoma kwetu, maana Kristo alijitoa mara moja. Lakini moyo wa Mungu umo mle. Walawi 19 inaagiza ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, na mgeni apendwe kama mwenyeji. Yakobo 5:4 inawakemea matajiri kwa kosa hilohilo la kuzuia ujira. Sisi tunaoishi jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hatuna pa kujifichia. Mkimbizi aliyekulimia mahindi leo, mlipe leo.