Jibu: Playwright inakataa kufungua kivinjari baada ya kusasishwa

Ndugu, umesema tangu upandishe toleo la Playwright, kile chombo cha kujaribu tovuti kwa kuendesha kivinjari chenyewe, majaribio yote yanaanguka hata kabla ukurasa haujafunguka, na hapo Goma huna mega za kuchezea. Usiguse majaribio yako, hayana kosa. Kila toleo la Playwright lina matoleo yake ya vivinjari. Ukipandisha Playwright peke yake, inatafuta toleo la kivinjari cha Chromium ambalo bado hujalishusha. Andika kwenye terminal:

npx playwright install chromium

Hilo neno la mwisho usilisahau! Ukiliacha, inashusha vivinjari vya Firefox na WebKit pia, mamia ya mega, na umeme wetu unaujua. Watumiaji wako wengi wako kwenye Android, kwa hiyo Chromium inatosha kwa kazi ya kila siku. Hizo nyingine ngoja upate wifi ya ofisini.

Kisha fungua package.json, faili inayoorodhesha vifurushi vya mradi wako, uondoe alama ^ mbele ya namba ya toleo la Playwright, ili toleo lisipande lenyewe bali pale unapotaka wewe. Kwenye seva sakinisha vifurushi kwa amri npm ci, inafuata package-lock (faili yenye matoleo kamili ya kila kifurushi) bila kuibadilisha.

Huyo aliyekushauri urudi Selenium, chombo kingine cha kujaribu tovuti, mimi simfuati. Huko nako dereva ya Chrome (programu inayokiendesha kivinjari hicho) lazima ilingane na Chrome yenyewe.