Diski kwenye gari la zamani: majibu kwa wasomaji wetu

Wasomaji kadhaa wamebadilisha breki za mbele za magari yao ya zamani kutoka dramu (viatu hutanuka na kusugua ngoma kwa ndani) kwenda diski (pedi hubana sahani inayozunguka na gurudumu), na sasa wanasumbuliwa na hitilafu ambazo hawakuwa nazo awali. Karibu zote zina asili moja: diski zimefungwa, lakini masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli), valvu na breki za nyuma zimeachwa kana kwamba gari bado lina dramu nne.

Shikamoo fundi. Nimefunga diski za mbele za Land Rover One Ten kwenye Land Rover yangu ya Series III, 109. Pedeli inazama karibu na sakafu, na nikiipiga pampu inapanda. Tumetoa upepo kwenye mafuta ya breki mara nyingi bila mafanikio. (Arusha)

Marahaba. Asili ya vipuri ulivyochagua ni nzuri, kwa kuwa kiwanda chenyewe kiliitoa One Ten mwaka 1983 ikiwa na diski za mbele, jambo ambalo Series III haikuwahi kulipata. Anza na nipeli za kutolea upepo, ambazo zinatakiwa ziwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipeli hukaa chini na upepo hubaki umenaswa juu, hata mkimwaga lita nzima ya mafuta ya breki.

Kama nipeli ziko sawa, sikiliza mguu wako. Pedeli inayonesa hata baada ya pampu bado ina upepo. Pedeli inayozama mara ya kwanza, kisha ikapanda na kuwa ngumu, inakuambia kwamba mafuta yanatumika kuziba nafasi iliyo wazi mahali fulani. Ili kujua ni wapi, bana bomba la mpira la breki za nyuma kwa kibanio chenye midomo laini, kamwe usitumie koleo la meno, kisha ukanyage. Pedeli ikiwa juu mara moja, nafasi hiyo iko nyuma: inua gari, zungusha bolti ya kurekebishia mpaka kiatu kiguse dramu, kisha irudishe kidogo tu hadi gurudumu lizunguke huru. Kazi hii husahaulika sana, kwa sababu macho yote yako kwenye diski mpya.

Pedeli ikizama zaidi baada ya kupita barabara mbovu yenye kona, kagua beringi za magurudumu ya mbele. Beringi iliyolegea huiacha diski iyumbe, nayo husukuma pedi zirudi ndani ya kalipa. Ukiridhika na hayo yote, ndipo ufikirie masta silinda, kwa kuwa kalipa huhitaji mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Kutoka kipenyo cha inchi 7/8 hadi inchi 1, mafuta yanayosukumwa huongezeka kwa takriban asilimia 30, lakini shinikizo hupungua karibu robo kwa nguvu ileile ya mguu. Ndiyo maana nasisitiza masta silinda isiwe jambo la kwanza kubadilishwa.

Volkswagen Beetle yangu ya mwaka 1968 ina diski mpya mbele. Nikiendesha kwa muda magurudumu ya mbele yanapata moto na gari linajizuia lenyewe, ila likipoa linaachia. (Mombasa)

Usiendelee kuliendesha gari hilo barabarani mpaka kosa lipatikane, maana mafuta ya breki yakichemka utakanyaga pedeli na kukuta hamna kitu. Lijaribuni mahali pasipo na magari mengine, na likishakaza msingoje lipoe. Wekeni kigingi nyuma ya magurudumu, inueni gurudumu moja la mbele, vaeni miwani, kisha mlegeze nipeli ya kalipa robo mzunguko. Gurudumu likibaki limekaza, pistoni ya kalipa imekwama. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kuna shinikizo lililofungiwa ndani. Fungeni nipeli, kanyageni pedeli mara moja, kisha mlegeze nati ya bomba kwenye masta silinda. Gurudumu lisipoachia hapo, bomba la mpira la breki limevimba kwa ndani ingawa kwa nje linaonekana zima. Likiachia, kosa liko kwenye masta silinda au kwenye rodi inayosukuma pistoni yake.

Masta silinda ya dramu mara nyingi huwa na valvu ndogo inayobakiza shinikizo la paundi kama 10 kwa inchi ya mraba ndani ya mabomba. Kwenye dramu shinikizo hilo halina madhara, kwa sababu springi huvirudisha viatu. Kalipa haina springi ya namna hiyo, kwa hiyo pedi hubaki zikisugua diski. Rodi nayo inatakiwa iache nafasi ya milimita 1 kabla ya kugusa pistoni. Ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu la kurudishia mafuta kwenye tangi linazibwa, na mafuta yanayotanuka kwa joto yanakosa njia.

Pikapu yangu ya Datsun 1200 ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanakaza kabla ya yale ya mbele, hasa mvua ikinyesha. (Morogoro)

Hilo ni la hatari, kwa kuwa nyuma ikiteleza gari hugeuka. Kwanza hakikisha sili ya ekseli haivujishi mafuta kwenye viatu. Kisha funga valvu ya kupunguzia shinikizo kwenye bomba la nyuma peke yake, na uirekebishe gari likiwa tupu, kwenye uwanja mpana, mpaka magurudumu ya mbele yatangulie kukaza.

Land Cruiser yangu ya BJ40 ina diski na busta (kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu), lakini pedeli ni ngumu kama jiwe. (Bukavu)

Injini ya dizeli haina kizuizi cha hewa kama kile cha kabureta, kwa hiyo haivuti hewa vya kutosha kuendesha busta. Inahitaji pampu yake ya kuvuta hewa, ambayo mara nyingi hufungwa nyuma ya altaneta. Zima injini, kanyaga pedeli mara sita, iendelee kubanwa na mguu, kisha washa. Pedeli isiposhuka kidogo, busta haipati mvuto au imekufa: kagua pampu, mpira wake na valvu ya njia moja.

Je, naweza kuongeza DOT 5 juu ya DOT 4? (Tanga)

Hapana. DOT ni madaraja ya mafuta ya breki. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, ingawa hizo mbili zinachanganyika. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa hiyo kopo lililokaa wazi kwenye rafu ya gereji lisitumike, hata kama bado limejaa.