Mgomo wa Conakry na daftari la tawi: kwa ninyi mliochaguliwa mwaka huu

Ndugu zangu mliochaguliwa kuwa wajumbe na makatibu wa matawi kwa mara ya kwanza, hongereni. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza msome nini. Sheria ya kazi mtaisoma, hilo halina mjadala, na mkataba wa hali bora mtaukariri hata bila kupenda, maana wenzenu watawauliza vifungu vyake kila siku. Mimi nawaomba mjifunze pia maisha ya mtu mmoja wa Afrika Magharibi, Ahmed Sékou Touré, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Guinea. Nina miaka 22 katika kazi hii ya chama, na bado sijapata maisha ya mtu mwingine yanayoonyesha meza ya majadiliano kutoka pande zote mbili kama ya huyu.

Alizaliwa Faranah mwaka 1922. Shuleni Conakry, mji mkuu, alifukuzwa akiwa bado kijana kwa kuongoza wanafunzi waliogomea chakula. Mwaka 1941 akaingia posta kama karani, na mwaka 1945 akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa posta na simu. Msiudharau ukarani. Karani wa posta anajua nani yuko kituo gani, ujumbe unafikaje bara, na amezoea kusoma waraka wa serikali hadi mstari wa mwisho. Viongozi wengi wa wafanyakazi wa zama zile walitoka kwenye posta, reli na hazina, mahali ambapo kazi yenyewe ilimfundisha mtu kupanga watu na karatasi.

Sasa twende kwenye mgomo wa 1953 aliouongoza, maana huo ndio shule yenyewe.

Mwishoni mwa 1952 Ufaransa ilipitisha sheria mpya ya kazi kwa makoloni yake. Sheria ilishusha saa za kazi kutoka 48 hadi 40 kwa wiki. Waajiri wakasema vizuri, mtafanya saa 40 na mtalipwa za saa 40. Chukua kalamu ufanye hesabu. Mtu anayelipwa faranga 10 kwa saa alikuwa anapata 480 kwa wiki. Kwa saa 40 anapata 400. Sheria iliyotungwa kumpa nafuu inamwondolea faranga 80. Ili abaki na 480 yake, malipo ya saa lazima yapande hadi 12, na hiyo ndiyo asilimia 20 waliyodai. Hawakuiokota hewani, na haikuwa tamaa. Mfagizi asiyejua kusoma aliweza kuieleza nyumbani kwake jioni, na mwajiri aliyesoma Paris hakuweza kuikanusha. Nikisoma madai ya matawi yetu, mara nyingi naona tarakimu nzuri ya duara, asilimia 30 au 50, na ukimuuliza katibu imetoka wapi anasema "tuanzie juu, tutashuka". Mwajiri anajua hilo kabla hujakaa kitini.

Mgomo ulianza Septemba 21 ukaisha Novemba 25. Zaidi ya miezi miwili bila mshahara! Serikali ya kikoloni ilikubali asilimia 20 katika kima cha chini, na wafanyakazi wakamiminika kujiunga na chama.

Jiulizeni walikula nini. Hapa ndipo vijana wengi wanapopita haraka wakikimbilia hotuba. Wanawake wa sokoni Conakry waliwalisha, na wakulima vijijini wakatoa mchele na mazao. Mmoja wa viongozi wa wanawake hao, Mafory Bangoura, alikuwa mshona nguo asiyejua kusoma wala kuandika. Bila yeye na wenzake, hotuba za Sékou Touré zingeishia wiki ya pili.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa tatu katika chama tuligoma kwenye kiwanda nilichokuwa nafanya kazi. Siku ya tatu asubuhi, mama ntilie wa getini akaniita pembeni, akanifunulia daftari lake la madeni. Kurasa mbili za majina kwa penseli, yote ya wenzangu: ugali maharage, ugali dagaa, chai na chapati mbili. Akaniambia, "Mwanangu, unga umeisha na mwenye duka hanikopeshi tena." Mchana ule watu wakaanza kurudi kwenye mashine mmoja mmoja, wakipitia mlango wa nyuma ili tusitazamane usoni. Sikuwalaumu, walikuwa na watoto. Wiki nzima kabla ya mgomo nilihangaika na mabango na kipaza sauti, na sikuwa nimemuuliza yule mama hata mara moja ana akiba ya siku ngapi. Tulirudi kazini bila nyongeza.

Kwa Sékou Touré, ushindi ule ulimpandisha zaidi katika siasa. Mwaka huohuo wa 1953, kabla ya mgomo, alikuwa ameshaingia kwenye baraza la koloni akiwakilisha Beyla, na mwaka 1956 akaingia bunge la Ufaransa na akawa meya wa Conakry. Januari 1957 huko Cotonou aliongoza kuundwa kwa UGTAN, shirikisho la wafanyakazi wa Afrika nzima nyeusi lililojitenga na vyama vya Ufaransa. Septemba 28, 1958, baada ya yeye kumwambia de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, mbele ya watu kwamba Waguinea wanapendelea umaskini katika uhuru kuliko utajiri katika utumwa, zaidi ya asilimia 95 ya wapiga kura walisema "Hapana" kwa katiba ya kubaki chini ya Ufaransa. Oktoba 2 nchi ikawa huru. Naiheshimu siku ile mpaka leo, na sitaki ninayoyasema sasa yaifute.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 1961, walimu wa Guinea walipeleka waraka wa madai kuhusu malipo yao. Karatasi yenye madai, iliyoandikwa na chama cha wafanyakazi, ikipelekwa kwa mwenye mamlaka: kazi ileile aliyoifanya rais alipokuwa karani wa posta. Viongozi wao walishtakiwa kwa kupanga njama wakafungwa jela. Alikuwemo Koumandian Keita, kiongozi wa walimu, na mwanahistoria Djibril Tamsir Niane. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba chama cha siasa ndicho cha wafanyakazi, kwa hiyo mgomo dhidi yake ni uhaini. Shirikisho la wafanyakazi likageuzwa mkono wa chama tawala. Baadaye, katika kambi ya Boiro palepale Conakry, wafungwa waliuawa kwa kunyimwa chakula na maji. Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alifia humo mwaka 1977. Mtu aliyejua kuliko wote kwamba mgomo hushinda kwa chungu cha wali, utawala wake ulifanya njaa kuwa silaha.

Msidhani ni habari za mbali. Rashidi Kawawa alitoka kwenye uongozi wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, akawa Waziri Mkuu Januari 1962, na mwaka huohuo sheria ya kubana migomo ikapita. Mwaka 1964 TFL yenyewe ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamanishwa na TANU, chama tawala. Kawawa hakuwa Sékou Touré, na atakayewalinganisha kwa ukatili atakuwa anamwonea. Lakini kiti cha upande wa pili wa meza kina uzito wake, na hubadilisha hata mtu mwema.

Kwa hiyo mwenzenu akitoka chamani kwenda siasa, mpigieni makofi, mwombeeni heri, na jioni hiyohiyo mdai funguo. Sisi hatukufanya hivyo. Mwenyekiti wetu alishinda udiwani, tukamshangilia mtaa mzima, na wiki mbili baadaye tukagundua kwamba daftari la wanachama, mihtasari ya vikao na kitabu cha hundi vyote viko kabatini kwake nyumbani. Hakuwa mwizi. Tawi zima lilikuwa limekaa kichwani mwake, na sisi ndio tuliolikalisha humo kwa uvivu wetu. Ilituchukua karibu mwaka kujua nani ni mwanachama na nani makato yake yalishasimama. Leo naandika orodha nakala tatu, kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na muhtasari unasomwa kikaoni kabla watu hawajatawanyika.

Wanawake wa soko la Conakry hawakusubiri ruhusa ya shirikisho lolote. Agosti 27, 1977, wakichoshwa na polisi wa uchumi waliowanyang'anya bidhaa, waliandamana hadi ikulu kumkabili mtu ambaye harakati zake ziliwahi kulishwa na masufuria ya sokoni. Polisi wale wakaondolewa. Na Januari 2007, karibu miaka 23 tangu Sékou Touré afariki, CNTG, shirikisho lilelile lililogeuzwa mkono wa chama, lilisimama pamoja na USTG, shirikisho jingine la wafanyakazi, na kuigomesha Guinea nzima. Aliyeiongoza CNTG alikuwa Rabiatou Serah Diallo, karani wa mahakama.

Deni la mama ntilie tulilimaliza kwa awamu tatu, kutoka mifukoni mwetu. Tulipofungua daftari jipya la tawi, ukurasa wa kwanza tuliandika jina lake na namba yake ya simu, halafu ndipo likafuata la mwenyekiti.