Kumuuguza aliyevunjika mguu kwenye nyumba ya kupanga: anzeni na choo

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Mdogo wako kavunjika ugoko kwa ajali ya bodaboda, kesho anaruhusiwa akiwa na POP (plasta ngumu ya kufungia mfupa) kutoka vidoleni hadi pajani, nanyi mnakaa chumba na sebule, choo cha nje cha kuchuchumaa: mtaishije? Na atakaa hivyo mpaka lini?

La pili nalijibu haraka. Mfupa wa ugoko wa mtu mzima kwa kawaida hutaka wiki 16 hadi 20 ndio uunge, na mvuta sigara huchelewa zaidi ya hapo. POP ndefu haikai muda wote huo. Daktari akiridhika na picha ya eksirei huiondoa akaweka fupi inayoishia chini ya goti. Kwa hiyo pangeni maisha ya miezi, si ya wiki mbili.

La kwanza ndilo lenye kazi. Mfupa ukishanyooshwa na kufungwa hujiunga wenyewe. Kinachoharibu kazi ya daktari ni nyumbani: sakafu yenye maji, choo, na uvimbe ambao hakuna aliyeuangalia usiku.

Naanza na choo kwa sababu ndicho ambacho watu hukikumbuka mgonjwa akishabanwa. POP iliyovuka goti haikunjiki. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa umenyooshwa mbele, haiwezekani kwa mtu aliyelala kitandani siku kadhaa. Atakaa chini au ataukanyaga ule mbovu. Nunueni viti viwili vya plastiki vya aina moja, vile vyenye mikono, mvipachike kimoja juu ya kingine vishikane, kisha mtoboe vyote viwili kwa pamoja. Kimoja peke yake hakifai, kwani tundu linaondoa sehemu ileile iliyokuwa inabeba uzito na kiti kitapasuka ndani ya siku chache. Chora tundu la umbo la yai, upana wa sm 20 na urefu wa sm 25, ukiacha kama sm 7 kutoka ukingo wa mbele. Toboa pa kuanzia kwa msumari uliopashwa moto, halafu pitisha msumeno mdogo wa chuma. Kisu cha moto nacho kinakata, ila kinaacha meno, na meno hayo ndiyo yatakayomchana paja. Piga msasa, kisha pasua mpira wa ndani wa baiskeli, uvalishe kwenye ukingo na kuufunga kwa uzi wa nailoni.

Miguu ya kiti cha plastiki kwenye saruji yenye maji hutanuka kwenda nje kama ya ndama aliyezaliwa leo. Mgongo wa kiti uegemee ukuta, na kila mguu ukanyage kipande cha tairi. Kama kuna fundi seremala karibu, kiti cha mbao ni bora kuliko hivyo viwili: miguu ya mbao za mbili kwa mbili, urefu wa sm 45 hadi 50 (kikiwa kifupi mwenye goti lililofungwa hawezi kuinuka), sehemu za kushika pande zote mbili, na rangi ya mafuta ipigwe mara mbili ili mbao zisinywe mkojo.

Halafu kuna shida ambayo haionekani mpaka mgonjwa akae. Vyoo vingi vya nyumba za kupanga kina chake ni mita moja na ushee, na mtu aliyekaa kitini na mguu umenyooka anahitaji kama mita moja na robo. Mlango hautafungika. Geuzeni kiti kitazame mlango, mlango ubaki wazi, mtundike pazia zito, na nje ya kizingiti muweke kigoda chenye kitambaa cha kuegeshea mguu. Wapangaji wenzenu waambiwe mapema kwamba pazia likiwa limeshushwa kuna mtu. Bila hivyo mgonjwa ataona haya na kujizuia hadi usiku, na kujizuia ukichanganya na dawa za maumivu kama tramadoli au kodeini huleta choo kigumu ambacho humtesa kuliko mguu wenyewe. Papai, mboga za majani, maharage na maji ya kutosha vianze siku ileile anayoanza hizo dawa.

Usiku asitoke nje kabisa. Kiti kilekile kinaingia ndani, chini yake ndoo fupi yenye mfuniko na majivu kikombe kimoja. Pimeni kwanza, maana ndoo ndefu hugusa kiti. Mwanamume apewe kopo lenye mdomo mpana la mkojo, asiinuke.

Sasa usiku wa kwanza, na hapa naomba msome taratibu.

POP ya unga wa jasi huwa ngumu ndani ya dakika chache lakini hukauka kabisa baada ya saa 48 hadi 72. Kabla ya hapo bado ni laini kwa ndani: ikilazwa juu ya ukingo wa kitanda au ikishikwa kwa ncha za vidole inabonyea, na kile kibonyeo kitakaa kinagandamiza ngozi wiki nzima hadi kitoe kidonda. Ishikeni kwa viganja. Msiifunike blanketi, msiisogeze kwenye jiko la mkaa. Iache wazi, feni ikiwepo ielekezwe huko. Zile nyepesi za fiberi hukauka ndani ya saa moja hivi, ila pamba ya ndani ni ileile na ikilowa ni shida ileile.

Siku hizo tatu mguu uwe juu kuliko moyo. Mito miwili au mitatu, au godoro dogo lililokunjwa, ikianzia chini ya paja hadi juu kidogo ya kisigino. Kisigino chenyewe kining'inie hewani, kisiguse kitu, kwa sababu ndicho kinachoota kidonda cha kulalia bila mtu kujua. Kukaa kwenye kochi mguu ukiwa juu ya stuli si kuinua mguu. Stuli iko chini ya moyo.

Kila baada ya saa moja au mbili, pamoja na usiku, mtu aangalie vidole. Bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mwambie acheze vidole. Vilinganishe na vya mguu wa pili kwa joto. Halafu shika vidole vyake uvikunje taratibu kuelekea juu. Maumivu yakiwa yanazidi badala ya kupungua, hayasikii dawa, na ukikunja vidole hivyo anapiga kelele, au kuna ganzi, au vidole vimepauka, vimekuwa vya baridi au vya bluu, basi msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali. Uvimbe umekosa pa kwenda ndani ya POP na unakaba damu isifike kwenye misuli. Ndani ya saa 6 hivi misuli huanza kufa na haifufuki. Njiani mguu ulazwe usawa wa moyo, usiinuliwe tena juu, kwa kuwa damu inayofika tayari ni kidogo. Kule POP hupasuliwa kwa urefu pamoja na pamba yake. Iwe hospitali yenye watu wa mifupa usiku; kwa Dar, MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili ni mojawapo. Kwa sababu hiyohiyo, akija jamaa na fundi wa kuunga mifupa kwa fito na kamba za kukaza, mshukuruni kwa kuja, mpeni chai, mguu asiuguse.

Kuwashwa kutaanza baada ya siku chache. Spoku ya baiskeli, rula, kijiti cha mshikaki: vyote marufuku. Vinachana ngozi isiyopata hewa na vinakunja pamba ikawa uvimbe mgumu humo ndani. Gongagonga juu ya POP, au pepea hewa ya kawaida upande wa juu. Harufu mbaya, unyevu unaopenya kutoka ndani, au sehemu moja inayochoma kama moto maana yake ni kidonda. Hiyo ni safari ya hospitali, si ya kumwagia poda.

Kuoga: wiki mbili za kwanza kitambaa na beseni vinatosha. Baada ya hapo akae kitini, mguu uvalishwe mifuko ya taka miwili mmoja juu ya mwingine (mifuko ya kubebea ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, msihangaike kuitafuta), mdomo wake ufungwe pajani juu ya POP kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, usikaze sana na uvuliwe mara tu akimaliza. Siri ni mguu uwe umeinuliwa juu kuliko nyonga. Hapo maji yanayopita pajani yanarudi kiunoni, hayaingii kwenye POP. Mguu ukining'inia, mifuko hata mitatu haitasaidia. Kwa Muislamu, udhu upo kwa kupangusa juu ya plasta, na swala kwa kukaa. Shehe wenu atawaeleza namna.

Magongo mengi ya kuazima ni ya mtu mwingine kwa urefu, na ndiyo maana yanaumiza. Akiwa amesimama na kiatu, sehemu ya juu iwe chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili hadi vitatu. Mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kiganja mkono ukining'inia, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo. Ncha ziwekwe sm 15 mbele na sm 15 pembeni ya mguu. Uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana mshipa wa fahamu, na baada ya wiki mkono unaanza kulegea kifundoni. Angalieni mpira wa chini wa gongo: ukiwa umelika hadi chuma au mti unaonekana, kwenye vigae vyenye maji ni sawa na kutembea juu ya sabuni. Mguu mzima uvae kiatu au sendo yenye mkanda nyuma, ndala hapana. Mchanga wa njiani humeza magongo, hivyo njia ya kwenda chooni ilazwe mbao pana au vitofali vilivyoshikana. Ngazi na vizingiti: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Wengi hukumbuka la kupanda wakasahau la kushuka, na kuanguka ni wakati wa kushuka.

Mwenye magongo hana mikono. Kikombe cha chai hakibebeki. Mpeni mkoba wa kuvaa begani wenye chupa ya maji yenye mfuniko, simu na tochi, na themosi ikae pale alipo. Godoro la chini liinuliwe, hata kwa paleti za mbao, hadi usawa wa goti. Nguo iwe msuli, kanga au kaptula pana. Kuvaa, mguu mgonjwa unaanza, na kuvua unamaliza.

Dawa: parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Vipo vidonge vya diklofenaki madukani ambavyo ndani vina parasetamoli tayari, na mtu akimeza na panadol juu yake anazidisha bila kujua. Someni karatasi. Diklofenaki na ibuprofeni haviendi pamoja, na hakuna hata kimoja cha kumezwa tumbo tupu.

Chakula kisizungushiwe hadithi nyingi. Supu ya makongoro ni tamu, inampa hamu ya kula, lakini haina kalsiamu ya maana kama watu wanavyodhani. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, mayai, maharage, chungwa au ubuyu: hivyo ndivyo vinavyojenga. Sigara aache, angalau mpaka mfupa uunge.

Kulala tu kunagandisha damu. Kila saa akiwa macho acheze vidole mara 20, akaze msuli wa paja ndani ya POP ahesabu hadi tano, aachie, mara 10, na ainue matako kitandani kwa mikono. Kama amepewa sindano za kuzuia damu kuganda, amalize zote. Akibanwa pumzi ghafla au kifua kikamchoma anapovuta hewa, hiyo ni dharura.

POP ikitoka mtashtuka. Mguu utakuwa mwembamba, wenye magamba, na ukishuka chini unavimba. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, paka mafuta, usisugue kwa dodoki. Hapa ndipo mkandaji wa maji ya moto na chumvi hupendekezwa na kila jirani. Ngozi ile ni dhaifu, inaungua upesi, na kusukuma mfupa mchanga hakumnyooshi goti. Goti hunyooka kwa mazoezi anayoyafanya mwenyewe kila siku, na kukanyaga huanza kwa kiwango atakachosema daktari. Wakisema akanyage nusu ya uzito, mizani ya kupimia mwili ya duka la dawa inatosha kumfundisha: aukanyagie mpaka mshale ufike pale, ashike kichwani ilivyo.

Siku ya kwenda kuikata msiogope sauti ya ule msumeno. Meno yake hutikisika, hayazunguki, hivyo hukata kigumu na kuacha ngozi. Ila blade hupata moto, akihisi kuungua aseme papo hapo. Bebeni magongo, kitambaa kibichi, na kiatu cha ule mguu, kile kilichokaa uvunguni miezi yote. Wengi hufika na kiatu kimoja.