Kwarteti ya Nyuzi na Mafundi wa Asili: Anzeni Darasani, Studio Itafuata

Tangu nianze kupiga selo katika kwarteti, yaani kikundi cha wapigaji wanne wa ala za nyuzi, hapa Kampala, swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wenye vikundi vyao ni la studio: warekodi wapi, na wamshirikishe nani ili kazi yao isikike kuwa ya nyumbani. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia watafute kwanza fundi wa ala za asili wa kuwafundisha, nao wakubali kumfundisha cha kwao, na mambo ya studio yasubiri.

Mfano tunao. Mwaka 1992, Kronos Quartet ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilitoa albamu ya Pieces of Africa, na ndani yake mna kipande kiitwacho Ekitundu Ekisooka cha mtunzi wetu Justinian Tamusuza. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha za Billboard za muziki wa klasiki na wa dunia, na wengi huishia kusimulia ushindi huo. Mimi huvutiwa zaidi na jambo jingine: ala za kipande hicho ni zilezile za kawaida, yaani fidla mbili, viola na selo, lakini mpigaji aliyelelewa kwa nota za Ulaya peke yake hujikwaa mapema, kwa sababu fikra iliyoujenga muziki huo ni ya Kiganda.

Fikra hiyo huonekana wazi kwenye amadinda, ile marimba ya vipande 12 vya mbao. Omunazi, mpigaji wa kwanza, hupiga mfuatano wake kwa mwendo ulio sawa. Omwawuzi, aliyeketi upande wa pili, huingiza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Naye omukoonezi, akiwa na vipande viwili vya juu tu, hurudia sauti mbili za chini kila zinapotokea. Wimbo unaomfikia msikilizaji hakuna aliyeupiga peke yake. Sasa kwarteti imezoea kuvuta pumzi pamoja na fidla ya kwanza na kumfuata kwa macho, na desturi hiyo, nzuri kwa muziki wa Ulaya wa akina Haydn, hapa huvuruga kila kitu, kwa kuwa kila mpigaji anatakiwa kulihesabu pigo lake kuwa ndilo kuu. Ushauri wangu ni kuweka pinde kando, kila mmoja akalie nafasi ya omwawuzi mpaka mikono iache kumkimbiza jirani, kisha mrudi kwenye nyuzi na kuzidonoa kwa vidole kabla ya kuzigusa kwa upinde.

Suala la sauti ni gumu zaidi. Sauti tano za Kiganda zimeachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na piano haina nafasi hizo. Vidole vya mpiga fidla vinaweza kusogea, lakini uzi usioshikwa hausogei. Kwa hiyo epukeni nyuzi wazi, au zilegezeni na kuzikaza upya kwa kumsikiliza mpiga endingidi, ile fidla ya Kiganda. Kumtaka mzee wa endingidi aifuate mashine yenu ya kupimia sauti ni kukosa adabu, na muziki wenyewe huharibika.

Kwa wacheza ngoma sina mengi: mwendo wa baakisimba, mchezo wa Kiganda, hutoka kwenye ngoma, basi kwarteti ikae mahali inapomwona mpiga ngoma.

Katika kufundisha watoto nina msimamo ambao walimu wenzangu hawaupendi. Waanze na endingidi kabla ya fidla. Ina uzi mmoja, na kidole huugusa ukiwa hewani bila kuukandamiza kwenye mti, kwa hiyo sikio ndilo linalomwambia mtoto mahali pa sauti. Mkono wa upinde hujengeka vilevile, nayo gharama ni ndogo kuliko ya fidla moja inayogombewa na darasa zima (na uzi wake ukikatika, mwezi mzima unaweza kupita kabla mwingine haujapatikana).

Mkishapita huko, rekodini. Endingidi ina sauti ndogo, kwa hiyo iketisheni karibu na maikrofoni na selo irudi nyuma, badala ya kumwachia fundi wa studio aipandishe baadaye. Kanisa lenye dari nene linafaa kuliko studio finyu, ila msipange kazi ya alasiri katika miezi ya mvua chini ya paa la mabati.

Mapatano yaandikwe kabla ya maikrofoni kuwashwa. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inatambua haki za wasanii waigizaji na wapigaji pamoja na za watunzi, lakini fundi wa kijijini huondoka na nauli tu ikiwa hakuna karatasi. Marehemu George Kakoma, mtunzi wa wimbo wa taifa, aliishia kuipeleka serikali mahakamani akidai mrabaha miaka mingi baada ya uhuru. Andikeni jina la kila mpigaji kama anavyotaka liandikwe, malipo ya siku ya kurekodi, mgawo wa mauzo, na nani atatunza rekodi asilia; kisha msomeeni mzee karatasi hiyo kwa lugha yake kabla hajaweka sahihi.