Shangazi, siwezi kumkatalia mtu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanunua wabichi mwaloni, naanika, nawauza wakiwa wakavu. Mwezi uliopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kuomba laki tatu atengeneze bodaboda. Hela hiyo ndiyo ilikuwa mtaji wangu. Sikuwa na jinsi, nikampa. Mzigo ulipoingia sina kitu, nikalazimika kwenda kwa watu wa kausha damu. Sasa kila wiki ni marejesho, na shemeji ameshaanza habari ya tairi. Mimi ndivyo nilivyoumbwa, siwezi kumkatalia mtu. Na biashara yenyewe ya ziwa ni bahati tu. Nifanyeje?*
*Mama wa Kibirizi*

Marahaba, mwanangu. Mara ya kwanza nilisoma barua yako nikamkasirikia shemeji. Niliporudia nikamsahau kabisa, nikawa nasikiliza unavyojisimulia. Hukuwa na jinsi. Ulilazimika. Umeumbwa hivyo. Huwezi. Kilichobaki ni bahati. Mtu anayejiambia hivyo kuanzia asubuhi, shemeji akibisha hodi anakuta jibu limeshapatikana, bado kutajiwa kiasi tu.

Sikuambii kwamba maneno huumba, kama wanavyopenda kusema. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, na hakuna mama aliyepata dagaa wa kuanika kwa kujiambia "naweza" mbele ya kioo. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala. Hayo huyaamui wewe, na kuyaita bahati si kosa. Lakini shemeji si mbalamwezi.

Tena hili la kuumbwa nalikataa. Mvuvi akikutajia bei ya juu ya beseni alfajiri, unaitikia tu? Nawajua akina mama wa mwaloni, ungekuwa umeshafunga biashara. Unabisha, unageuka kuondoka, anakuita, mnakubaliana. Kwa hiyo kukataa unakujua. Usichokijua ni kumkatalia mtu wa nyumbani, na hapo kinachokushika ni woga wa lawama: mama mkwe atasemaje, nitaonekana mchoyo.

Basi naomba uisimulie upya ile siku. Usiseme "sikuwa na jinsi." Sema, "Niliamua kumpa mtaji kwa sababu niliogopa kusemwa." Najua inauma zaidi, maana ya kwanza inakuacha bila kosa. Ila ya kwanza pia haikuachii la kufanya atakaporudi. Kama uliamua, safari ijayo unaweza kuamua vingine.

Na atarudi, hilo la tairi halitaishia njiani. Mwaka 2012 watafiti wawili, Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt, walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya watu wanaotaka kujizuia na vishawishi kama vyakula vitamu. Waliojiambia "huwa sili" walifaulu kuliko waliojiambia "siwezi kula." Sawa, laki tatu si chokoleti, na chokoleti haina mama mkwe. Lakini jaribu kusikiliza shemeji atakavyojibu. Ukisema "siwezi," atakusaidia uweze: "Jitahidi shemeji, hata nusu yake." Ukisema "leo sina," Alhamisi yupo mlangoni. Ukisema "mtaji wa dagaa huwa siukopeshi," ni utaratibu wa biashara yako, haumhusu yeye peke yake, na hana pa kushika.

Isikie sentensi hiyo mdomoni mwako kabla hajaja. Iseme kwa sauti ukiwa unageuza dagaa kwenye kichanja, watakaokucheka wacha wacheke. Na moyo ukianza kwenda mbio, jiite kwa jina lako: "Mama fulani, hela hii ni ya kazi gani?" Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu mwenye wasiwasi akijisemesha kwa jina lake, badala ya "mimi, mimi," anatulia zaidi. Nadhani ni kwa sababu sote tunajua kumshauri jirani kuliko kujishauri wenyewe.

Hayo hayakupi ruhusa ya kumfukuza shemeji kwa neno kavu. Ni ndugu. Mkaribishe, mpe ugali na migebuka, muulize bodaboda inaendaje. Ukipenda, tenga kiasi kidogo cha mambo ya ukoo kila mwisho wa mwezi, ukipange wewe mwenyewe, kikiisha kimeisha. Hapo utampa kwa hiari, wala hutamnung'unikia.

Halafu kuna mtu sijamsikia barua nzima: baba watoto. Mdogo wake anachukua mtaji wako, yeye yuko wapi? Zungumza naye kabla shemeji hajaja, msiwe watu wawili wenye majibu mawili. Usimuulize, "Sasa mimi nifanyeje?" Mwambie ulichoamua, kisha umsikilize. Akikataa niandikie tena, maana hilo litakuwa tatizo jingine kabisa na dawa yake si hii.

Hao wa kausha damu nao, nenda kawaulize deni lote lililobaki ni shilingi ngapi na linaisha lini, uliandike kwenye daftari. Usichukue mkopo wa pili ili ulipe wa kwanza, hata wakupigie simu kwa sauti tamu namna gani. Kama una kikoba, kaongee na wenzako wiki hii. Kama huna, punguza mzigo unaonunua mpaka deni liishe. Beseni chache zilizo zako ni bora kuliko nyingi za mkopo.