Shangazi Asiye na Mtoto na Nafasi Yake kwa Watoto wa Ndugu Zake

Katika koo zetu nyingi, mwanamke aliyefika umri wa makamo bila kuzaa hukabidhiwa moja ya mambo mawili: ama awe mfuko wa ukoo, anayepigiwa simu kila shule zinapofunguliwa, ama awe huzuni ya ukoo, anayeombewa katika kila mkusanyiko kana kwamba ni mgonjwa. Mimi ni shangazi kwa watoto wa kaka zangu na mama mdogo kwa watoto wa dada yangu, sikujaaliwa mtoto wa kumzaa, na watoto hao nimekuwa nao tangu wakibebwa mgongoni hadi leo ambapo baadhi yao wameanza kazi. Nawaandikia wanawake wenzangu walio katika hali hii, pamoja na wazazi wenye dada kama mimi, kwa sababu naamini mtoto anamhitaji shangazi kwa jambo ambalo si fedha wala si umama wa akiba. Anamhitaji kama mtu mzima wa damu yake ambaye si mzazi wake, na ambaye anaweza kumwambia yale yasiyosemeka nyumbani.

Wazee wetu walilijua hilo. Kwa Waganda wa Buganda, nchini Uganda, ssenga, yaani dada wa baba, ndiye aliyekabidhiwa kumfunda binti mambo ya mwili na ya ndoa, kwa kuwa mama kuyatamka mbele ya mwanawe ilikuwa ni aibu. Kwetu Tanzania, hadi leo ni vigumu kufanya kikao cha posa bila shangazi kuitwa. Nafasi hiyo anaipata kwa kuwa ni dada wa baba, na sioni kwa nini apungukiwe nayo kwa sababu hakuzaa. Hata hivyo, wengi wetu tumewahi kufungwa mdomo kwa methali ile ya uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mara tu tulipotoa maoni kuhusu mtoto. Naiheshimu methali hiyo, kwa sababu kweli sikupitia leba. Lakini mtoto anayelia usiku kwa sababu anaogopa kurudi shule hahitaji aliyemzaa tu, anahitaji atakayemsikiliza.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa kuanza na mama wa mtoto. Shangazi anayemwendea mtoto kwa kumpita wifi yake hafiki mbali, hata awe na mapenzi kiasi gani, kwa sababu mtoto hurudi kulala kwa mama yake, na mama aliyedharauliwa ana kila sababu ya kuufunga mlango. Mimi na wifi yangu tulikaa jikoni kwake, watoto wakiwa bado wadogo, tukakubaliana mambo yetu kwa maneno yanayoeleweka. Wakiwa kwangu, saa ya kulala, chakula na kazi za nyumbani ni juu yangu. Lakini dini, shule, simu na mavazi ni mambo ya wazazi, nami siyagusi bila kuuliza. Simu ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa siku hizi. Shangazi anayemnunulia binti wa kidato cha pili simu ya kisasa bila mama yake kujua atakuwa amemfundisha binti huyo kuficha, na baadaye wote wawili watashangaa kwa nini anaficha. Pia usimseme mama mbele ya mwanawe, hata pale unapoona wazi kwamba amekosea. Msubiri faraghani, umweleze kwa heshima, kisha umwachie uamuzi.

Uaminifu wa aina hiyo ndio unaozaa yale mazungumzo ambayo mtoto hawezi kuyafanya kwingine. Mmoja wa mabinti wa kaka yangu alipochaguliwa kwenda shule ya bweni, kazi ya kutimiza fomu ya kujiunga niliachiwa mimi: tranka, godoro, ndoo mbili, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi. Tulikuwa tumeketi barazani tukiandika jina lake kwenye ndoo kwa rangi ya kucha, kwa sababu rangi hiyo haifutiki upesi kwa maji, naye akaniuliza, bila kuinua macho, pedi zilizotumika bwenini hutupwa wapi, na kama wasichana wengine wataona. Lilikuwa swali dogo, lakini alikuwa amelibeba kwa wiki nzima. Nilimjibu kila nilichokijua, tukaongeza katika vifaa vyake pedi, taulo dogo jeusi na mifuko isiyoonyesha kilichomo, kisha nikamwomba ruhusa ya kumweleza mama yake. Alikubali. Naamini hakumficha mama kwa kutompenda. Alichohitaji ni mtu wa kumtangulizia maneno.

Hapo ndipo penye hatari pia, maana anayeaminiwa na mtoto ataletewa siri. Mtoto akisema, "Shangazi, nikikwambia usimwambie mama," usiape kabla hujasikia. Mimi huwajibu kwamba nitawatunzia kila kitu isipokuwa kile kinachowaumiza au kitakachowaumiza. Mapenzi ya shuleni, alama mbaya za hesabu, ugomvi na rafiki, hayo yanaweza kusubiri hadi mtoto mwenyewe awe tayari kuyasema. Lakini mtoto akikueleza kwamba kuna mtu anayemshika mwili au kumpiga hadi kumjeruhi, siri imekwisha, hata kama mtu huyo ni ndugu yako wa tumbo moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka za serikali za mitaa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ambayo hupigwa bila malipo. Vikao vya kuyamaliza nyumbani vimewaacha watoto wengi mikononi mwa waliowaumiza, na shangazi ni mmoja wa watu wachache ndani ya ukoo wenye uzito wa kukataa kikao cha namna hiyo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, nauli, michango ya chakula na vifaa vya bweni vimebaki, na ndugu hudhani kwamba asiye na mtoto hana matumizi. Chagua kitu kimoja unachokiweza, ukitangaze mwanzoni mwa mwaka, ukitimize, na kinachozidi hapo kiwe hiari yako. Weka akiba yako ya uzeeni kwanza. Mtoto anayesomeshwa huku akikumbushwa kwamba ndiye atakayekutunza ukizeeka hulielewa deni hilo mapema, na baadhi yao hukimbia mbali nalo.

Wazazi nao nawaomba wasimtoe mtoto kwa shangazi kama kifuta machozi. Mtoto akienda kuishi huko, iwe kwa faida yake: aulizwe, asome, asigeuzwe mfanyakazi wa ndani, na afisa ustawi wa jamii ahusishwe ili shangazi asikwame siku ya kumpeleka hospitali au kumwombea pasipoti. Kuasili hasa ni jambo la amri ya Mahakama Kuu, na makubaliano ya sebuleni hayawezi kuchukua nafasi yake. Na tafadhali, acheni kusema "masikini shangazi yenu" watoto wakisikia.

Jambo la mwisho ni wosia, ambalo wengi wetu huliahirisha. Mwanamke asiye na mtoto akifariki bila wosia, mali yake kwa kawaida huelekea kwa mume, wazazi na ndugu zake walio hai, na yule binti aliyemlea anaweza asipate hata cherehani aliyofundishiwa kushona. Kwa Waislamu, binti wa kaka si miongoni mwa wenye mafungu katika mirathi, lakini shangazi anaweza kumwusia kitu ndani ya theluthi ya mali yake. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hutoa huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia. Tafuta mashahidi wasiokuwa miongoni mwa wanufaika, taja kila kitu kwa jina lake, kisha waeleze kaka na dada zako ulichoandika ukiwa mzima na mwenye nguvu ya kuwajibu maswali yao.